Mtoto Hapimwi kwa Neno Moja

Mzazi wa Bombambili anapompeleka mtoto kliniki kwa sababu ya homa, kazi ya mhudumu huanza na kipimajoto. Anapompeleka kwa sababu amekonda, kuna mizani, kuna utepe wa kupimia mkono, na kuna kadi ya kliniki yenye mistari ya ukuaji. Hakuna anayeridhika kuambiwa tu kwamba mtoto "ana joto kidogo" au kwamba "amepungua". Kila mmoja hutaka kujua ni kiasi gani na tangu lini. Lakini mzazi huyohuyo akisema, "Mwanangu amebadilika, hachangamani na wenzake," mara nyingi vipimo huishia hapo na maneno huanza. Mtoto huitwa mpole, mkaidi, mtundu, mzito au mtoro. Neno hilo hukaa naye miaka mingi, nyumbani na shuleni, pasipo mtu kuuliza lilipatikanaje.

Uchukuliwe mfano mmoja. Mtoto anayeelezwa hapa si mtu fulani halisi. Ni mfano uliotungwa kutokana na hali ambazo wahudumu wa afya na walimu huzikuta mara kwa mara. Ni msichana wa miaka 12, yuko darasa la sita, na anaishi na bibi yake mzaa mama katika mtaa mmoja wa Bombambili, kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Songea. Bibi akiulizwa habari zake hujibu kwa fahari: "Mjukuu wangu hana shida. Ni mpole. Nikimtuma hachelewi, maji anachota, wadogo zake anawaogesha." Mwalimu wake husema kwamba hasumbui darasani, ila hanyanyui mkono, na wakati wa mapumziko hukaa peke yake kando ya ukuta. Yeye mwenyewe, akiulizwa faraghani na mtu anayemwamini, husema kwamba hana rafiki hata mmoja, kwamba usingizi humjia kwa taabu, na kwamba tumbo humuuma kila asubuhi ya siku ya shule.

Watu watatu wametoa majibu matatu kuhusu mtoto mmoja, na hakuna aliyesema uongo. Bibi ameeleza namna mtoto anavyotimiza wajibu. Mwalimu ameeleza namna anavyokaa miongoni mwa wenzake. Mtoto ameeleza hali ya moyo wake. Hatari iko katika kulichukua jibu la mmoja na kulifanya hukumu juu ya mtoto mzima. Kama bibi peke yake ndiye angesikilizwa, msichana huyu angeandikwa kuwa hana tatizo lolote, na maumivu ya tumbo yangetibiwa kama minyoo mwaka hadi mwaka.

Pande za utendaji wa kijamii

Wataalamu hutumia istilahi ya utendaji wa kijamii kueleza namna mtu anavyoishi na wengine na kushiriki katika maisha ya kila siku. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mfumo wa kimataifa wa kuainisha utendaji, ulemavu na afya, na mwaka 2007 likatoa toleo lake la watoto na vijana. Msingi wa mfumo huo ni kwamba afya haielezwi kwa jina la ugonjwa pekee. Huelezwa pia kwa yale ambayo mtu anayafanya, mambo anayoshiriki, na mazingira yanayomsaidia au kumzuia.

Kwa mtoto, utendaji wa kijamii una pande kadhaa. Upo upande wa mawasiliano: kueleza anachotaka na kuelewa anachoambiwa. Upo upande wa urafiki: kupata rafiki, kudumu naye, na kupatana tena baada ya ugomvi. Upo upande wa kujizuia: kungoja zamu, kufuata kanuni, kustahimili kukatazwa. Upo upande wa huruma na msaada: kugawana chakula, kumtuliza mdogo anayelia. Upo upande wa wajibu: kujitunza na kufanya kazi zinazolingana na umri wake. Na chini ya hizo zote ipo hali ya hisia, yaani hofu, huzuni na wasiwasi, ambayo huweza kuzidhoofisha pande nyingine bila kuonekana.

Pande hizo hazikui kwa mwendo mmoja, wala hazitazamwi kwa jicho moja katika kila umri. Mtoto wa miaka 3 anayenyang'anya kichezeo yuko katika hatua yake. Mwenye miaka 9 afanyaye vivyo hivyo kila siku anahitaji kutazamwa. Kijana wa miaka 15 kutaka faragha si jambo la ajabu. Kijana huyo kuwaacha rafiki zake wote katika muda wa miezi miwili ni jambo la kuuliza. Kwa hiyo kipimo chochote kizuri humlinganisha mtoto na wenzake wa umri wake na, zaidi ya hapo, na yeye mwenyewe alivyokuwa zamani.

Anachoweza na anachofanya

Jitihada za kupima mambo haya si ngeni. Mwaka 1935 mwanasaikolojia wa Marekani Edgar Doll, aliyefanya kazi katika taasisi ya mafunzo ya Vineland huko New Jersey, alitoa kipimo cha ukomavu wa kijamii. Wakati huo watoto wenye ulemavu wa akili walihukumiwa zaidi kwa majaribio ya akili. Doll alitaka kujua jambo jingine: mtoto huyu huvaa mwenyewe? Huenda jirani peke yake? Huaminiwa kushika fedha? Mwaka 1984 Sara Sparrow na wenzake walikipanua kipimo hicho, na kwa sasa, kikiwa katika toleo lake la tatu, bado hutumika katika nchi nyingi. Nacho hutoa alama za mawasiliano, za stadi za maisha ya kila siku na za mahusiano na watu, kila upande kwa nafasi yake.

Urithi mkubwa wa kazi hiyo ni tofauti kati ya anachoweza mtoto na anachokifanya kwa kawaida. Mtoto anaweza kujua namna ya kusalimu na asisalimu kwa sababu ya hofu. Anaweza kujua kanuni za mchezo na asiitwe kucheza kwa sababu ana kifafa na wenzake wamekatazwa kumsogelea. Katika hali ya kwanza msaada unamhusu mtoto. Katika hali ya pili unaihusu jamii inayomzunguka. Mhudumu asiyetofautisha mambo hayo mawili atamfundisha stadi mtoto ambaye tayari anazo, huku ukuta unaomzuia ukibaki umesimama.

Alama 16 za watoto wawili

Miongoni mwa vipimo vifupi vilivyoenea duniani ni Dodoso la Uwezo na Matatizo, linalojulikana kwa kifupi SDQ, lililotolewa mwaka 1997 na daktari bingwa wa afya ya akili ya watoto wa Uingereza, Robert Goodman. Lina vipengele 25, nalo limetafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Nchini Tanzania limetumiwa katika tafiti kadhaa, zikiwemo zile za vijana wanaoishi na virusi vya UKIMWI mjini Moshi.

Vipengele hivyo 25 vimegawanywa katika makundi matano ya vipengele vitano vitano: matatizo ya hisia, matatizo ya mwenendo, kutotulia na kukosa umakini, matatizo na wenzake wa rika, na tabia ya kuwajali wengine. Kila kipengele hupewa alama 0, 1 au 2, kwa hiyo kila kundi lina alama kuanzia 0 hadi 10. Makundi manne ya kwanza yakijumlishwa hutoa jumla ya matatizo, kati ya 0 na 40. Kundi la tano halijumlishwi humo, kwa kuwa linapima uwezo wala si tatizo. Mtoto mwenye matatizo mengi anaweza bado kuwa na huruma nyingi, na jambo hilo linastahili kujulikana.

Watoto wawili wanaweza kuonyesha thamani ya mgawanyo huo. Wa kwanza, anayefanana na msichana wa Bombambili, amepata alama 8 za matatizo ya hisia, 1 ya mwenendo, 2 za kutotulia na 5 za matatizo na wenzake. Jumla ni 16. Wa pili ni mvulana aliyepata alama 1 ya hisia, 6 za mwenendo, 8 za kutotulia na 1 ya matatizo na wenzake. Jumla yake pia ni 16. Mtu anayesoma jumla peke yake atawaona wako sawa. Anayesoma kila upande ataona mtoto mmoja mwenye hofu na upweke, na mwingine mwenye marafiki lakini asiyeweza kutulia wala kujizuia. Wa kwanza anahitaji mtu wa kumsikiliza na njia ya kurudishwa kwa wenzake. Wa pili anahitaji utaratibu, kazi fupi fupi, sifa pale anapofanya vema, na pengine uchunguzi wa mtaalamu. Wakipewa msaada wa aina moja, mmoja wao angalau atakosewa.

Ipo sababu nyingine ya kusoma kila upande. Mvulana wa pili ataonekana na kila mtu, kwa kuwa anasumbua. Msichana hasumbui. Katika darasa lenye wanafunzi wengi, mtoto anayeteseka kimya ndiye wa mwisho kupelekwa kwa mwalimu wa malezi, na mara nyingi hapelekwi kabisa.

Macho matatu

Dodoso hilo lina toleo la mzazi, toleo la mwalimu, na toleo la kujazwa na kijana mwenyewe aliye kati ya miaka 11 na 17. Huenda msomaji akauliza: wakitofautiana, nani aaminiwe?

Swali hilo lilichunguzwa na Thomas Achenbach na wenzake, ambao mwaka 1987 walikusanya matokeo ya tafiti 119 zilizolinganisha taarifa za watu mbalimbali kuhusu tabia za watoto walewale. Watu wanaomwona mtoto katika mazingira yanayofanana, kwa mfano baba na mama, walikubaliana kwa kiasi kizuri: uwiano wa 0.60 kwa wastani, pale ambapo 1 ni kukubaliana kikamilifu. Watu wanaomwona katika mazingira tofauti, kama mzazi na mwalimu, walishuka hadi 0.28. Taarifa za mtoto mwenyewe na za watu wengine zilikubaliana kidogo zaidi, 0.22.

Matokeo hayo hayana maana kwamba wazazi au walimu ni mashahidi wabaya. Yanaonyesha kwamba mtoto huishi kwa namna tofauti mahali tofauti, na kwamba mambo ya moyoni hayaonekani kwa macho ya mtu mwingine. Tofauti kati ya majibu ni taarifa yenyewe. Mtoto mwenye matatizo shuleni tu humwelekeza mhudumu kuuliza habari za shule: anaonewa? Haoni ubao? Anaogopa fimbo? Mwenye matatizo nyumbani tu humwelekeza kwingine.

Yaliyoonekana Tanzania

Utafiti mmoja uliofanyika Dar es Salaam unaonyesha kwa uwazi kinachopotea pale ambapo upande mmoja hupimwa na mwingine kuachwa. Mwaka 2002 Vuai Makame na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto 41 waliofiwa na mzazi au wazazi kwa UKIMWI na watoto 41 wasio yatima. Yatima wachache zaidi walikuwa shuleni, na wengi zaidi walilala na njaa. Hata hivyo, wale waliokuwa shuleni walipata alama za hesabu zilizofanana na za wenzao. Mwalimu anayesoma daftari la hesabu peke yake asingeona tofauti yoyote. Lakini walipoulizwa kuhusu hali ya ndani, yaani huzuni, wasiwasi na kukata tamaa, yatima walikuwa na matatizo makubwa zaidi kwa kiwango cha wazi. Asilimia 34 yao walisema kwamba katika mwaka uliotangulia waliwahi kufikiria kujiua.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2014 na Tobias Hecker na wenzake, uliwahusu wanafunzi 409 wa shule ya msingi nchini Tanzania. Asilimia 95 kati yao walisema kwamba waliwahi, angalau mara moja maishani, kuadhibiwa kwa kupigwa na mzazi au mlezi. Watoto walioripoti adhabu hiyo kwa wingi zaidi ndio walioonyesha matatizo zaidi ya mwenendo na kutotulia, na tabia yao ya kuwajali wengine ilikuwa chini zaidi. Utafiti unaopima mara moja tu hauwezi kuthibitisha kipi kilitangulia, kwa kuwa mtoto msumbufu huweza pia kupigwa zaidi. Hata hivyo, matokeo hayo hayaungi mkono dhana kwamba fimbo hujenga moyo wa kujali.

Kipimo na mahali pake

Dodoso lililotungwa London haliwi la Songea kwa kutafsiriwa maneno tu. Mipaka ya alama za SDQ iliyozoeleka, ambayo kwa taarifa ya mzazi huhesabu jumla ya 14 hadi 16 kuwa ya mpakani na 17 au zaidi kuwa ya juu, ilitokana na watoto wa Uingereza. Hapo kuna kipengele kinachouliza kama mtoto hupatana zaidi na watu wazima kuliko na watoto wenzake, nacho huhesabiwa kuwa dalili ya tatizo. Mtoto wa Bombambili anayekwenda shamba na bibi yake, akilima na kupika pamoja naye, anaweza kupata alama hiyo kwa sababu ya maisha anayoishi, wala si kwa sababu ya upungufu wowote.

Majira nayo huingia ndani ya kipimo. Dodoso huuliza kuhusu miezi sita iliyopita. Songea ina msimu mmoja mkuu wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Mzazi anayeulizwa mwezi Mei hueleza kipindi cha palizi na akiba ya chakula iliyopungua. Anayeulizwa Novemba hueleza kipindi cha baada ya mavuno. Anayetaka kujua kama mtoto amepata nafuu hana budi kukumbuka jambo hilo kabla ya kulinganisha alama.

Majirani wa Ruvuma wametoa mafunzo mazuri katika suala hili. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, nchini Malawi, Melissa Gladstone na wenzake walichapisha mwaka 2010 kipimo cha maendeleo ya watoto wa tangu kuzaliwa hadi miaka 6. Kina vipengele 136 katika pande nne: misuli mikubwa, misuli midogo, lugha, na mahusiano ya kijamii. Vipengele viligeuzwa kulingana na maisha ya vijijini, na viwango vya umri vikapatikana kwa kuwapima watoto zaidi ya 1,400 wa hukohuko, badala ya kukopwa kutoka ugenini.

Mashariki mwa Zambia, katika wilaya ya Katete, Robert Serpell alianza mwaka wa 1970 na kitu kuanza na swali rahisi kuliko dodoso lolote. Aliwauliza watu wazima wa kijiji: kama kungekuwa na jambo fulani la kufanywa, ungemtuma mtoto yupi kati ya hawa, na kwa nini? Majibu yao yalizunguka neno la Kichewa *nzelu*, ambalo lina pande mbili: wepesi wa akili, na *kutumikila*, yaani kutumika kwa uaminifu. Akili isiyo na uaminifu haikuhesabiwa kuwa akili kamili. Watoto waliosifiwa na wazee hawakuwa lazima wale waliofanya vizuri katika majaribio ya kishule. Msomaji wa Songea, nchi ya Wangoni ambao uhamaji wa karne ya 19 unawaunganisha na ndugu zao wa Malawi na Zambia, halihitaji neno hilo litafsiriwe. Bibi wa msichana wetu wa mfano alipima jambo hilohilo aliposema, "Nikimtuma hachelewi."

Kipimo cha bibi, basi, ni kipimo cha kweli, na mhudumu mwenye busara hukiandika katika safu yake. Kosa ni kudhani kwamba kinajaza safu zote. Mtoto anayetumika vizuri huweza kuwa na moyo mzito. Na pengine kazi zilizomfanya asifiwe ndizo zilizomnyima saa ya kucheza na wenzake.

Katika chumba cha kliniki

Mhudumu wa afya hahitaji kungoja mtaalamu ili kuanza. Jambo la kwanza ni kuzungumza na mtoto peke yake kwa dakika chache, baada ya kumweleza mlezi kwa heshima kwa nini inafanyika hivyo. La pili ni kuuliza kila upande kwa swali lake: rafiki yako ni nani? Nani hukuonea? Ukikasirika hufanya nini? Usiku hulala vipi? La tatu ni kuuliza madhara: hali hii inamzuia nini nyumbani, shuleni, katika urafiki na katika michezo? Alama nyingi zisizomzuia mtoto chochote huhitaji uangalizi. Alama za wastani zilizomtoa shuleni huhitaji hatua mapema.

La nne ni kuukagua mwili kabla ya kuihukumu tabia. Mtoto asiyesikia vizuri huitwa mkaidi. Asiyeona ubao huitwa mzito. Mwenye kifafa cha kuduwaa kwa sekunde chache huitwa mwota ndoto. Mwenye njaa hukosa subira. Kwa ajili hiyo seti ya maswali ya utendaji wa mtoto, iliyotolewa mwaka 2016 na UNICEF pamoja na Kundi la Washington, huweka kuona, kusikia na kutembea pamoja na kupata marafiki, kukubali mabadiliko, kudhibiti tabia, wasiwasi na huzuni, kwa watoto wa miaka 5 hadi 17.

La tano ni kuandika na kurudia. Alama ya siku moja ni picha tu. Alama ya pili, baada ya miezi kadhaa, ndiyo inayoonyesha mwelekeo. Na katika yote, alama haitoi jina la ugonjwa. Dodoso fupi huonyesha nani atazamwe kwa makini zaidi, wala halichukui nafasi ya uchunguzi. Karatasi yake ni siri ya mgonjwa. Haisomwi mbele ya darasa, wala haitumiwi kumnyima mtoto nafasi shuleni.

Yapo mambo yasiyongoja miadi. Mtoto anayesema anataka kufa, anayejiumiza, au anayeonyesha dalili za kufanyiwa ukatili, hushughulikiwa siku hiyohiyo, asiachwe peke yake, na apewe rufaa kwa huduma ya afya ya akili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda dhidi ya ukatili. Afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na simu ya bure namba 116 ni milango iliyo wazi kwa mtoto, mzazi na jirani.

Kwa wazazi na walezi

Mzazi naye anaweza kupima bila karatasi. Inatosha, mara moja kwa mwezi, kujiuliza maswali machache: mwanangu alicheza na nani juma hili? Alisaidia nani bila kutumwa? Aligombana na nani, na walipatana vipi? Alilia au kunyamaza kwa sababu gani? Anakula na kulala kama zamani? Mzazi akikosa jibu la swali lolote, huko ndiko kwa kuanza kusikiliza. Na akienda kliniki, badala ya kusema "mtoto wangu mkaidi," aseme alichokiona: "Tangu mwezi wa tatu amegoma kwenda shule siku za Jumatatu." Sentensi hiyo humsaidia mhudumu kuliko sifa kumi.

Katika mfano wa msichana wa Bombambili, picha hubadilika mara majibu matatu yanapowekwa kwenye ukurasa mmoja. Wajibu: imara. Huruma: imara. Mwenendo: hakuna shida. Urafiki: dhaifu. Hisia: taabu kubwa. Tumbo linapimwa kama inavyopasa, na jambo linalotokea asubuhi za shule linaulizwa pia. Mwalimu anaombwa amkalishe karibu na wanafunzi wawili wapole na kumpa kazi ya kufanya pamoja nao. Bibi haambiwi kwamba amekosea. Anashukuriwa kwa malezi, kisha anaombwa amwachie mjukuu saa moja ya alasiri bila kumtuma. Mhudumu anapanga kumwona mtoto tena baada ya majuma mawili, na katika kadi anaandika mwezi ambao maswali yaleyale yataulizwa upya, kwa watu walewale watatu.